Alikuja kwa ajili ya shingo: kisa cha mama, bibi na mtoto wa wiki saba

Walipoingia, mtoto alikuwa ameegemea bega la mama yake, na kabla hawajaketi nilishaona kitu. Uso ulielekea kushoto. Nilipofunga mlango haukugeuka. Bibi yake akamwita kutoka upande wa kulia. Macho yakamfuata mpaka pembeni kabisa, kichwa kikabaki pale pale.

"Daktari, shingo ya mwanangu imepinda," mama alisema. "Nimeambiwa nyie ndio mnaonyoosha."

Nikamwambia mimi si daktari, ni mtaalamu wa osteopathia. Kazi yangu ni ya mikono, sindano na dawa si zangu. Akaitikia vizuri tu, kisha akaendelea kuniita daktari mpaka siku ya mwisho.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha yeye au mtoto. Sababu ya kukiandika ni kwamba watu wazima watatu tuliokuwa chumbani siku ile tumeondoka na maelezo matatu. Mama anaamini mikono yangu ndiyo iliyomtuliza mtoto. Bibi anaamini lilikuwa chango, na chango huisha lenyewe. Mimi naona bibi ndiye aliyekaribia ukweli, na kwamba jambo la maana kuliko yote nililolifanya lilichukua chini ya dakika moja na wala halikuwa tiba.

Walivyokuja

Mtoto wa kike, wa kwanza, umri wiki 7. Tumboni alikaa kitako tangu mwezi wa saba na hakugeuka tena, akazaliwa kwa upasuaji wiki ya 39. Kwa mujibu wa kadi yake uzito ulipanda karibu gramu 180 kwa wiki, na nepi zilizolowa hazikupungua sita kwa siku. Hayo mawili nayauliza kabla ya lolote, maana mtoto anayelia huku haongezeki uzito si wa kuletwa kwangu. Niliuliza pia kuhusu homa, matapishi ya kijani na damu kwenye choo. Hakuna. Utosi ulikuwa umetulia, haukuvimba.

Alilia kila jioni kwa muda wa saa tatu na zaidi, miguu akiikunja tumboni, uso ukiiva. Titi la kushoto hakulitaka: akiwekwa hapo hushika, huachia, hujipinda nyuma na kupiga kelele. La kulia alinyonya bila shida. Kisogo upande wa kushoto kilishaanza kuwa bapa.

Kuhusu mwili wake mwenyewe mama hakusema neno. Ilibidi nimuulize. "Mimi ni uchovu tu," akajibu, huku akimhamisha mtoto kwa kumteleza juu ya mkono wote, kidole gumba cha kushoto kikiwa kimebanwa pembeni kama cha mtu aliyejikata. Nilipomdodosa yakatoka mengine: maumivu katikati ya mabega, kiuno kinachokataa akitaka kuinuka, na titi la kushoto linalokuwa gumu kama jiwe ifikapo usiku wa manane, analikamua bafuni ili aweze kulala.

Uzi mmoja

Fani yetu inapenda kujitangaza kwamba inamtazama mgonjwa kwa ukamilifu wake. Mara nyingi ni maneno ya kupamba ukuta. Safari hii yalikuwa na maana ambayo ungeweza kuichora kwenye karatasi, na kweli nilimchorea mama.

Kuna msuli unaoanzia nyuma ya sikio na kushuka mpaka kidari na mfupa wa mtulinga. Kila upande wa shingo una wake. Ukikaza mmoja, kichwa huinamia upande wake na uso hugeukia upande wa pili. Wa mtoto huyu ulikaza upande wa kulia, ukawa kama kamba fupi chini ya ngozi. Sasa mweke mtoto huyo kwenye titi la kushoto la mama, amepakatwa kawaida: inambidi ageuze uso kulia kwake. Hawezi. Analikataa titi, na watu wazima wanadhani maziwa ya upande ule yana kasoro, au mtoto ana deko.

Titi lisilonyonywa likajaa. Mama akanyonyesha upande wa kulia tu, mchana na usiku, ameinama mbele na kulia, mkono wa kulia umeshika titi na wa kushoto umeshikilia kichwa kwa kidole gumba kilichotanuliwa. Nilimwomba alikunje gumba ndani ya ngumi, kisha ainamishe ngumi upande wa kidole kidogo. Alifika nusu, akavuta mkono na kunitazama kwa jicho la lawama. Ni kano zinazopita kwenye ala yake juu ya kifundo cha mkono. Zikitumika hivyo wiki nzima bila kupumzika huvimba. Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi, alilieleza tatizo hili mwaka 1895, na kina mama wa watoto wachanga wamekuwa wakilipata kabla yake na baada yake.

Kwa hiyo mgongo, titi, gumba na kilio cha kunyonya vilitundikwa kwenye msuli mmoja wa mtu mwenye uzito usiofika kilo tano. Ungemtibu mama mgongo peke yake, angerudi baada ya wiki. Ungemnyoosha mtoto shingo peke yake, mama angeendelea kumpakata vile vile na kuirudisha ilikokuwa.

Tulikotoka

Nitoke nje ya kisa kidogo, kwa sababu bibi aliniuliza swali la haki: "Hii kazi yenu imeanzia wapi?"

Andrew Taylor Still wa Marekani, aliyeianzisha, alikuwa baba aliyefiwa. Mwaka 1864 watoto watatu wa nyumba yake walikufa kwa homa ya uti wa mgongo, na udaktari wa zama zake, uliokuwa ukiwanywesha wagonjwa dawa zenye zebaki, haukumsaidia kitu. Alianza kutafuta njia ambayo haitegemei chupa. Mwaka 1874 aliitangaza, na mwaka 1892 akafungua chuo mjini Kirksville, Missouri, kilichopokea wanawake tangu darasa la kwanza, jambo ambalo vyuo vingi vya udaktari vya wakati ule havikulitaka. Alidai makubwa. Mengine leo hayasimami. Ila wazo kwamba viungo, misuli na pumzi vinategemeana, na kwamba mkono uliofunzwa unaweza kuusikia mvutano, hilo limebaki na tunalitumia.

Mwanafunzi wake, William Garner Sutherland, ndiye aliyelipeleka wazo hilo kichwani, akiamini kwamba mifupa ya fuvu huwa na mwendo wake na mdundo wake. Hapa ndipo watu wengi huwaleta watoto wachanga, na hapa ndipo mimi huwa mkimya. Wataalamu wawili wakipewa kichwa kimoja wahesabu mdundo huo, hesabu zao hazilingani. Nilifundishwa mbinu hizo na bado naweka mikono kichwani mwa watoto, kwa sababu mguso mtulivu hutuliza. Lakini simwambii mzazi kwamba mfupa ulikwama nami nimeukwamua.

Ukipeleka mtoto kwa mwosteopathi, uliza pia sheria ya mahali ulipo. Marekani mwenye shahada ya osteopathia ni daktari kamili, anaandika dawa na kupasua. Uingereza ni fani inayojitegemea, na sheria yake ilipitishwa mwaka 1993. Ufaransa ililitambua jina hilo mwaka 2002, na tangu 2007 asiye daktari hawezi kumfanyia mtoto wa chini ya miezi 6 tiba hii ya kichwa, uso au uti wa mgongo mpaka daktari athibitishe kwanza kwamba hakuna kizuizi. Wenzangu wengine wanaiona kanuni hiyo kuwa dharau. Mimi naipenda, na nyonga ya mtoto huyu imenifanya niipende zaidi.

Dakika moja

Nakiri: karibu nisiiangalie.

Nilimaliza kuichunguza shingo. Nikapapasa msuli kutafuta uvimbe, nikatazama jinsi anavyofuata uso wangu kwa macho, nikaangalia kinywa. Mama akaanza kumviringisha nguo tayari kwa kunyonyesha, miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja, mtoto akawa kama gogo dogo. Nilikuwa tayari nimeshika kalamu. Ni ule unyoofu wa miguu ulionirudisha kwenye kadi. Wa kike. Wa kwanza. Alikaa kitako. Na shingo iliyokaza juu yake, jambo ambalo huambatana na nyonga mbovu mara nyingi kuliko bahati tupu inavyoweza kueleza, pengine kwa kuwa mtoto aliyebanwa tumboni hubanwa kote.

"Samahani mama, mfungue tena."

Nilimlaza chali juu ya kitanda kigumu, nikakunja magoti, nikayatanua taratibu kama mtu anayefungua kitabu asichotaka kukivunja mgongo. Goti la kulia lilishuka likakaribia kitanda. La kushoto lilifika katikati, likasimama. Si kwamba mtoto alikaza. Alikuwa ametulia, anatazama taa. Nikarudisha. Nikaweka nyayo zote mbili kitandani na kulinganisha urefu wa magoti: la kushoto lilikuwa chini kidogo. Nikajaribu mara moja, kwa vidole, kama kichwa cha paja kinaingia na kutoka, nikasikia mteremko hafifu. Sikurudia. Nyonga ya mtoto si kitasa cha mlango cha kujaribu-jaribu.

"Alishapigwa picha ya nyonga?"

Mama alimtazama mkwewe, mkwewe akanitazama mimi. Hakuna aliyewaambia, au waliambiwa katika siku zile za maumivu ya mshono na hawakusikia. Sikutaka kumtafuta mkosaji. Kwa mtoto aliyekaa kitako, kupima nyonga kwa ultrasaundi karibu na wiki ya 6 ni utaratibu unaojulikana, na wiki ya 6 ilikuwa imepita siku chache tu.

Niliwaeleza hivi. Kichwa cha paja ni mpira, nyonga ni kikombe chake. Kwa mtoto mchanga kikombe hicho bado ni gegedu laini, na kinachokichonga ni ule mpira uliomo ndani. Mpira ukikaa ukingoni, kikombe hukua kikiwa kifupi kama kisahani. Mtoto hasikii maumivu. Ataota meno, atatambaa, na huenda mzazi asigundue chochote mpaka siku anayoanza kutembea akiyumba, au akiwa mtu mzima nyonga imesagika. Eksirei katika miezi ya mwanzo haioni sana, kwa sababu sehemu kubwa ni gegedu ambalo halijawa mfupa. Ultrasaundi ndiyo inayoona, kwa njia aliyoibuni Reinhard Graf nchini Austria miaka ya karibu na 1980.

"Kwa hiyo ndiyo inayomliza?" bibi aliuliza.

Hapana. Na hapa naomba msomaji asikimbie. Ingekuwa hadithi tamu: kilio kilikuwa cha nyonga, mtaalamu akaisikia kwa vidole, mtoto akanyamaza. Haikuwa hivyo. Nyonga ilikuwa kimya kabisa, ndiyo maana ilikaribia kutupita.

"Basi inyooshe, mwanangu. Wewe si ndiye fundi?"

"Bibi, nikiinyoosha hii nitaiharibu."

Hakupenda jibu. Lakini ndivyo ilivyo: ukitanua kwa nguvu nyonga iliyotoka mahali pake unaweza kukata damu inayolisha kichwa cha paja, na mfupa ukafa. Niliandika barua kwa daktari wa watoto, upande upi, nini kilikataa kufunguka, kwa nini naomba ultrasaundi wiki hii na si mwezi ujao. Barua ilikuwa na mistari sita. Hiyo ndiyo ile dakika ninayoisema.

Kitu kimoja tu nilibadilisha papo hapo: nguo. Ukimviringisha mtoto, bana mikono ukipenda, miguu iache ikunjike na kutanuka kama ya chura. Akibebwa, mapaja yote mawili yashikiliwe na magoti yawe juu ya makalio.

Mikono ilifanya nini

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kazi niliyofuatwa, na sitaki kuidharau.

Mtoto alikuwa magotini pa mama, kichwa kwangu. Niliweka kiganja chini ya kisogo na vidole viwili kando ya ule msuli, kwa nguvu isiyozidi ya kufuta chozi. Sikumvuta kulia. Nilimfuata alikopenda, kushoto, mpaka msuli ulipolegea, nikakaa hapo. Watu wanaotazama huchoka, maana hakuna kinachoonekana. Baada ya dakika kama nne alipiga mwayo, akapata kwikwi, na kichwa kikaanza kurudi katikati chenyewe. Nikakifuata. Kilivuka katikati, kikaenda kulia upana wa vidole viwili hivi, kikagoma. Nikaacha. Mtoto mchanga hapindwi shingo kwa ghafla wala hasukumwi kwa kishindo cha aina yoyote, na yeyote anayetaka kumfanyia hivyo mwanao, mchukue mwanao uondoke.

Kesho yake mama alinipigia: kichwa kimerudi kule kule. Nilitarajia. Dakika kumi za mikono yangu zinashindana na saa ishirini na tatu na dakika hamsini za maisha ya mtoto. Kinachotibu shingo ya namna hii ni nyumbani: kumnyoosha taratibu mara kadhaa kwa siku kama nilivyowaonyesha, kumlaza kifudifudi akiwa macho na anaangaliwa (kulala usingizi ni chali, hilo halibadiliki), na kumgeuza kitandani ili mlango, mwanga na watu viwe kulia kwake. Bibi nilimpa kazi rasmi. Asimwite mjukuu wake kutoka kushoto tena.

Kilichobadilisha siku ile ni kunyonya. Nilimwambia mama amnyonyeshe kulia kama kawaida. Mtoto alipoanza kupunguza kasi, nikamsaidia kumtelezesha kuelekea titi la kushoto bila kumgeuza: mwili ukapita mbele ya kifua, miguu ikaingia chini ya kwapa la kushoto la mama, mto ukawekwa chini. Kwa mtoto hakuna kilichobadilika. Uso bado unatazama upande ule anaoupenda, ila titi ni jingine. Alitafuta kidogo, akashika. Tulimsikia akimeza. Mama alianza kulia bila sauti, na bibi akainuka kwenda kutazama dirishani.

Hiyo si osteopathia. Mkunga yeyote mzoefu anaijua, na mshauri wa unyonyeshaji angeifanya vizuri kuliko mimi. Nilikuwa tu mtu wa kwanza aliyepata saa nzima ya kuwatazama wawili hao wakinyonyeshana.

Mama mwenyewe nilimtibu amelala ubavu, ziara hiyo na mbili zilizofuata: mbavu za nyuma, misuli iliyo kando ya uti wa mgongo, nyonga zake, pumzi. Mshono sikuukandamiza, bado ulikuwa mchanga. Alisinzia. Maumivu ya mgongo yalipungua siku ile ile, na kwa mtu mzima mwenye mgongo wa kawaida ushahidi wa tiba ya mikono upo, ingawa si wa kujivunia: miongozo ya Uingereza ya mwaka 2016 inaikubali pale tu inapoambatana na mazoezi. Kwa hiyo alipewa mazoezi. Gumba lilipata kifaa cha kulishikilia, na amri ya kubeba kichwa cha mtoto kwa mkono wote badala ya kwa vidole.

Nilimuuliza pia yale maswali 10 ya Edinburgh, yanayotumika tangu 1987 kuchunguza huzuni ya baada ya kujifungua. Alama zake zilikuwa za mtu aliyechoka sana, si za mtu aliyezama, na hakuwa na wazo la kujidhuru. Nawasihi wenzangu: swali hilo lina uzito sawa na mgongo.

Mikanda

Picha ilipigwa wiki ya 8. Kikombe cha kushoto kifupi, kichwa cha paja ukingoni, lakini kinarudi mahali pake. Wiki ya 9 daktari wa mifupa alimvisha mikanda ya Pavlik, iliyopewa jina la Arnold Pavlik, daktari wa Kicheki. Inapita mabegani, kifuani na miguuni, na inaiweka miguu imekunjwa na kutanuka huku ikimwacha mtoto apige mateke. Hakuna kinacholazimishwa, mwili wenyewe unajichonga. Nikiulizwa nionyeshe tiba pole ya watoto inayofuata maumbile, nitaonyesha hii, na haikubuniwa na fani yangu.

Mama alinipigia jioni ile. "Daktari, wamemfunga mtoto wangu kama mfungwa." Alitaka nimlegezee wakati wa kuoga tu. Nilikataa. Mikanda inarekebishwa na aliyeifunga. Ikilegezwa na kila mwenye huruma, nyonga hucheza na wiki zote hupotea. Nilimpa jambo moja la kulinda badala yake: kila unapombadilisha nepi, tazama kama goti la kushoto bado linajinyoosha kwa teke. Likiacha, mshipa wa fahamu umebanwa, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Alilitazama kila siku. Halikuacha.

Bibi alikuja na mtoto ziara ya tatu akiwa amenuna. Alikaa, akampakata mjukuu, kisha akasema kwamba angalau mikanda inamfanya akae vizuri kifuani.

Nani alinyamazisha kilio

Wiki ya 12 mtoto alilia nusu saa jioni, siku nyingine hata hiyo hakuna. Mama alileta shukrani ambazo sikuwa na uso wa kuzipokea.

Kilio cha watoto wachanga kina mkondo wake. Huongezeka tangu wiki ya 2 au ya 3, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, hushuka kati ya mwezi wa 3 na wa 4. Kipimo cha saa tatu kwa siku, siku tatu kwa wiki, kinachotajwa mpaka leo, kinatokana na kazi ya Morris Wessel ya mwaka 1954. Mzazi huja kutafuta msaada pale kilio kinapokuwa kileleni. Yeyote atakayemshika mtoto wiki ya saba, kwa mafuta, kwa dua au kwa diploma, atapata sifa wiki ya kumi na mbili.

Mwaka 2012 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, ilikusanya majaribio sita ya tiba za mikono kwa watoto wa namna hii, jumla watoto 325. Kwa ujumla waliotibiwa walionekana kulia muda mfupi zaidi kuliko wenzao wasiotibiwa. Lakini katika mengi ya majaribio hayo aliyehesabu kilio ni mzazi aliyejua mwanawe ametibiwa. Mzazi aliposhindwa kujua, tofauti ilififia. Nilimweleza mama hayo yote. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa daktari, lakini mimi nilikuwepo."

Nimelifikiria sana jibu lake. Nadhani alichokiona ni kweli, ila amekipa jina lisilo lake. Alikuwepo siku ambayo mtoto alishika titi la pili, siku aliyoacha kuamka saa nane usiku kukamua jiwe, siku mgongo ulipomruhusu kumbeba akiwa wima. Mama aliyepumua hubeba mtoto tofauti. Sina namna ya kupima ni dakika ngapi za kilio ziliondoka kwa njia hiyo, na sitazidai.

Shingo ilifunguka karibu yote kufikia mwezi wa 4. Sasa kichwa huinama kulia akiwa na usingizi tu. Kisogo bado kina ubapa ambao ukimshika kwa kiganja unaupata. Mikanda alivaa wiki 12, picha ya mwisho ilionyesha kikombe kimefunika kichwa vizuri, na eksirei imepangwa akifika miezi 6.

Kosa langu ni mpangilio. Nilianza na nilichoitiwa, nyonga ikaja mwisho, tena kwa bahati ya nguo iliyofungwa vibaya. Fomu yangu ya kupokea watoto sasa ina swali jipya juu kabisa, kabla ya jina la malalamiko: alitanguliza kichwa au makalio? Na pamoja na barua ile ningempigia daktari simu pia, siku ile ile, badala ya kumkabidhi mama aliyekuwa hajalala na kuomba isipotee.

Ziara ya nne alikuja mama peke yake, kwa ajili ya gumba, ambalo ndilo limekuwa kaidi kuliko yote na sasa nimelipeleka kwa daktari. Mtoto alibaki na bibi, ambaye, nilivyoambiwa, bado anazunguka chumba kizima ili amwite kutoka kulia.